Na Yeye Asubiri

Inspekta alipoingia ofisini kwa Meneja wa kituo cha simu za dharura, saa nne kasoro robo asubuhi, aliambiwa kwamba mkosaji ameshapatikana. Barua mbili zilikuwa zimepigwa chapa na kulazwa mezani. Ya kwanza ilimfukuza kazi mwandishi wa programu. Ya pili ilimkabidhi kwa mwendesha mashtaka siku hiyo hiyo, saa kumi jioni. Kilichobaki kilikuwa saini ya polisi.

"Hapa tu, afande," Meneja akasema, akigonga mstari kwa kalamu. "Tusikupotezee muda."

"Muda wangu unalipwa na serikali. Upoteze tu."

Akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, na kumtaka Meneja aanze mwanzo. Meneja alianza kwa kupumua kwa nguvu, maana wakubwa wengi hudhani kupumua kwa nguvu ni sehemu ya ushahidi. Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, mtu mmoja alipiga simu kumwombea kaka yake gari la wagonjwa. Huyo kaka alikuwa seremala, amebanwa na pumu. Kwa kawaida programu ya kituo huchukua sekunde mbili kuangalia ramani nzima ya mji na kuchagua gari lililo karibu. Jumanne hiyo programu ilijikokota, simu zikarundikana, na simu ya huyo mtu ikakaa kwenye foleni dakika kumi na moja. Gari lilipofika, seremala alikuwa ameshakata roho.

"Na programu hiyo imeandikwa na mtu mmoja tu," Meneja akamalizia. "Chapuchapu."

Hakuna aliyemwita msichana huyo kwa jina jingine, kwa jinsi alivyosema haraka na kufanya kazi haraka zaidi. Picha yake ilikuwa bado ukutani nyuma ya Meneja, imekatwa kutoka gazetini: mikono imekunjwa kifuani, kichwa cha habari kinasema "Binti Anayeokoa Dakika". Mtu fulani alikuwa amelipaka jino lake moja wino mweusi.

"Nani kamng'oa jino?"

"Ah, wenzake hao. Utani wa ofisini."

Inspekta aliitazama ile picha kwa muda. Mwaka uliopita, kijana ambaye Inspekta mwenyewe alimfundisha kazi, tangu kushika daftari, alipandishwa cheo akawa mkuu wake, na picha ya kijana huyo ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Hakuipaka wino. Lakini alikuwa na kalamu mkononi, na alijua kabisa jino gani angeanza nalo.

"Sisaini kitu," akasema. "Nipeleke kwa huyo binti."

Chapuchapu alikuwa amefungiwa kwenye chumba cha mikutano, mlinzi mlangoni, glasi ya maji haijaguswa. Macho yalikuwa yamevimba. Hata hivyo aliposikia neno "programu" alikaa wima.

"Programu yangu haijakosea. Imedanganywa."

"Na nani?"

"Na kiini."

"Mwanangu, mimi kiini ninachokijua ni cha yai. Nieleze pole pole."

Kueleza pole pole ulikuwa mtihani mkubwa kwa Chapuchapu, lakini alijitahidi. Kiini, alisema, ni ule moyo wa mfumo wa kompyuta, unaokaa kati ya programu na vyuma. Programu haigusi vyuma. Ikitaka kitu, inakiomba kiini.

"Sasa chukua jikoni kwako. Una rafu pale pale karibu na jiko, unanyoosha mkono tu. Halafu una stoo nyuma ya nyumba. Rafu ni ndogo, stoo ni kubwa, lakini ukiweka chumvi stoo, kila ukitaka kuonja utembee. Mashine yetu iko hivyo hivyo. Ina kumbukumbu ndogo inayokaa karibu na prosesa, yaani jiko lenyewe, ina kasi sana. Na ina nyingine kubwa iko mbali, inajibu kwa kuchelewa."

"Na programu inajuaje ipi ni ipi?"

"Zamani ilikuwa haijui! Ukiomba nafasi unapewa popote, kiini kinakwambia kumbukumbu ni kumbukumbu, shika njia. Mzee Kiini, fundi wetu wa ghorofa ya tatu, ndiye aliyelibadilisha hilo. Kalihangaikia miaka minne. Siku hizi kiini kinaweka mambo wazi. Kila kumbukumbu ina kijifaili chake, kimeandikwa inakusubirisha kiasi gani kabla ya kujibu, na inapitisha mzigo kiasi gani kwa mara moja. Programu inasoma, inajichagulia. Yangu inaweka ramani kwenye ile ya haraka."

"Na Jumanne ilisoma nini?"

"Ilisoma kwamba stoo ndiyo iko karibu na jiko."

Inspekta akaandika hilo kama lilivyo. Kisha akauliza swali lililokuwa likimkera tangu apokee taarifa ya tukio yenye kurasa arobaini. "Humu mmeandika kumbukumbu sifuri, kumbukumbu moja. Hakuna jina la kibinadamu?"

Kwa mara ya kwanza Chapuchapu alicheka, akakumbuka alipo, akanyamaza. "Yapo. Watu walikuwa wanachanganya namba, basi tukazipa majina. Ile ndogo ni Bi Mdogo. Ile kubwa ni Bi Mkubwa. Mzee ndo anayapenda kupita kiasi. 'Vya haraka mpe Bi Mdogo. Bi Mkubwa mpe mambo ya mwaka jana, huyo kashazoea kusubiri.' Mwezi uliopita yakaingia mpaka kwenye jedwali lenyewe."

"Jedwali gani tena?"

"La vipimo. Kiini hakipimi chenyewe, afande. Kinasema kilichoambiwa. Jedwali lililokuja na mashine kutoka kiwandani lilikuwa na makosa, kwa hiyo Mzee anapima mwenyewe na kulijaza. Kila Jumanne alfajiri mashine ikiwashwa upya, kiini kinalisoma."

"Na nani anaweza kulibadilisha?"

Chapuchapu aliinamisha kichwa. Alionekana kutamani asilijue jibu.

"Mzee peke yake. Kwa paswedi yake."

Mzee Kiini alikuwa na meza pembeni kabisa ya ghorofa ya tatu, dirisha likitazama ukuta. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, shati limepigwa pasi na mtu anayejua kupiga pasi. Aliposikia kwamba Inspekta anataka kuona orodha ya mabadiliko ya jedwali, aliifungua bila ubishi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumatatu, saa saba na dakika ishirini mchana, umeingizwa kutoka kwenye kompyuta hiyo hiyo, kwa jina lake. Mfumo haukubali badiliko lolote bila kuandikiwa sababu. Kwenye kisanduku cha sababu kulikuwa na maneno matatu.

Na yeye asubiri.

Inspekta aliyasoma kwanza. Mzee alikuwa bado anatafuta miwani.

"Unaelewana vipi na Chapuchapu?"

"Vizuri."

"Vizuri namna gani?"

"Ni mwanangu kazini. Nimemfundisha."

"Na wivu huna?"

Mzee Kiini alivaa miwani, akaivua tena. Pengine alichoka kusema uongo kabla hata hajauanza.

"Wivu ninao. Andika. Miaka minne nimekaa na kiini hiki, macho yananitoka, watu wananiuliza unafanya nini huko chini, kwani kumbukumbu si ni kumbukumbu? Nikakifanya kiseme ukweli. Yeye akaja, programu ya miezi mitano, gazeti hilo! Anaokoa dakika! Dakika zilitoka wapi? Avumaye baharini papa, afande, na wengine tupo. Na lile jino nimelipaka mimi."

"Kwa hiyo ukasema, nimesubiri miaka minne, na yeye asubiri." Inspekta akaigeuza skrini kidogo ili aone.

Mzee alisoma. Rangi ya uso wake ilibadilika, na ilibadilika namna ambayo Inspekta hakuitegemea. Mtu aliyekamatwa hutazama mlango. Huyu aliinama karibu zaidi na skrini.

"Sijaandika hii."

"Jina lako, kompyuta yako, paswedi yako."

"Sijaandika. Hebu nione alichobadilisha." Akateremsha, akasoma, kisha akatoa kicheko kifupi kisicho na furaha, kile ambacho mafundi hutoa wakiona kazi ya fundi mwingine. "Huyu hajui kitu."

"Nani?"

"Aliyefanya hivi. Ona. Kila kumbukumbu ina namba mbili. Hii ni kusubiri, na kusubiri ndogo ndiyo nzuri. Hii ni upana, ule mzigo unaopita kwa mara moja, na upana mkubwa ndio mzuri. Bi Mdogo alikuwa na kusubiri tisini, upana mia mbili. Bi Mkubwa, kusubiri mia tatu na kumi, upana arobaini. Sasa mtu kachukua mia tatu na kumi kampa Bi Mdogo, tisini kampa Bi Mkubwa. Upana hakuugusa! Jedwali linasema Bi Mkubwa ndiye mwepesi kuliko wote lakini mlango wake mwembamba. Haipo hiyo. Kiini chenyewe kimepiga kelele alfajiri ile, soma hapa: onyo, vipimo havipatani. Mimi nikitaka kudanganya, nitadanganya vizuri."

"Maneno hayo hayatakusaidia mahakamani."

"Yanasaidia heshima yangu."

Inspekta hakucheka, ingawa alitaka. Aliomba aonyeshwe sababu zote zilizowahi kuandikwa tangu jedwali lianze. Zilikuwa mia tatu na kumi na tisa. Alizisoma zote, kidole kikishuka kwenye skrini, wakati Mzee akihesabu vigae vya dari. Kipimo kipya. Kumbukumbu 1 imebadilishwa kadi. Imepimwa upya baada ya joto. Irudishwe ilivyokuwa. Sababu zilikuwa kavu, zimeandikwa na mtu aliyetaka kumaliza aende zake. Hata baada ya yale majina kuingia, kwenye maandishi chombo kilibaki chombo: imepimwa, irudishwe, isomwe. Utani wao ulikuwa wa mdomoni tu. Katika mistari yote hiyo, mmoja peke yake ulikuwa na neno "yeye".

Chombo hakiitwi yeye. Aliyeandika pale alikuwa anamsema mtu. Tena alisema "na yeye", maana yake kuna mwingine aliyekwisha kusubiri kabla, na amechoka.

"Jumatatu saa saba na dakika ishirini ulikuwa wapi?"

"Ukumbi wa mashine, na mafundi wawili wa viyoyozi. Kadi yangu ya mlango itakwambia nimeingia na kutoka saa ngapi."

Kadi ilisema aliingia saa sita na nusu na kutoka saa nane. Inspekta aliwapigia simu mafundi wa viyoyozi kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alilalamika kwamba mzee yule aliwasimamia mpaka wakakosa hamu ya kula. Basi aliyekaa kwenye kiti hiki alikuwa mtu mwingine, mchana kweupe, ghorofa nzima ikiwa imekwenda kula.

"Nani anaijua paswedi yako?"

"Hakuna."

"Kuna aliyeijua. Mfumo unaonyesha alikosea mara moja, akapata mara ya pili. Anayebahatisha hapati mara ya pili. Niandikie."

"Afande, hilo ni jambo la nyumbani."

"Kuna mtu kafa, mzee wangu. Na kuna binti anachukuliwa saa kumi."

Mzee Kiini akatazama huku na huku kama mwizi wa sukari, akaandika kwenye kikaratasi, akakisukuma kikiwa kimefunikwa. Inspekta akakifunua. KisiraniWangu27.

"Kisirani ni nani?"

"Mke wangu." Alisema kwa sauti ya chini. "Siku ya kwanza nilipomwona alikuwa amenuna, kanuna hasa, mdomo huu. Nikamwambia wewe ni kisirani, lakini uwe wangu. Basi ikawa ndiyo hiyo. Kila tukimaliza mwaka wa ndoa naongeza moja. Juzi juzi ilikuwa ishirini na sita."

"Yeye anajua?"

"Jina anajua, ingawa mbele za watu analikana. Kwamba ndiyo paswedi... alishawahi kuniona, miaka ya nyuma. Alicheka siku nzima."

"Anafanya kazi wapi?"

Mzee alianza kunyoosha kidole kuelekea chini, kwenye sakafu, na kidole kikaishia njiani. Ghorofa ya pili ilikuwa na chumba cha nyaraka.

"Kaa," Inspekta akasema, maana Mzee alikuwa amekwisha kusimama. "Nijibu hili kwanza. Ukizungumza na Chapuchapu mambo ya kazi, mnazungumzia wapi?"

"Popote. Hapa. Hata nyumbani, akipiga simu."

"Mke wako akiwa karibu?"

"Akiwepo, akiwepo. Sina la kumficha."

"Mara ya mwisho mlisema nini? Maneno yenyewe."

"Mambo ya kazi tu. Nilikuwa namchekesha. Nilimwambia, wewe usihangaike, Bi Mdogo kwanza, kila kitu kizuri cha haraka mpe yeye. Bi Mkubwa amekuwa mzito, hana haraka, huyo atasubi..."

Mkono wake ulikwenda kwenye kola ya shati, pale palipopigwa pasi vizuri, ukabaki hapo.

"Mungu wangu," akasema.

Inspekta alimwacha na mlinzi, akashuka ngazi peke yake. Ilikuwa saa tisa kasoro.

Mtunza nyaraka aliitwa Mama Faili na jengo zima, na jina halikumkosea. Chumba chake kilikuwa na makabati ya chuma hadi darini, kila mgongo wa faili umeandikwa kwa mkono mmoja wa herufi za duara. Alikuwa mwanamke mnene wa kupendeza, anayenyamaza kidogo kabla ya kujibu, kama mtu anayekwenda kwanza kabatini. Alimwekea Inspekta kiti na kumkaribisha vizuri.

"Mama, naomba jedwali la vipimo vya kumbukumbu. La Ijumaa iliyopita."

Mama Faili alisimama, akavuta faili moja nene, akaiweka mezani, akaifungua. Ilifunguka palepale penye ukurasa huo. Kona yake ilikuwa imelainika kwa kushikwashikwa.

"Umelipata upesi."

"Ndiyo kazi yangu."

"Kurasa mia nne, mama. Faili imezoea kufunguliwa hapa."

Mama Faili alinyoosha kona ya karatasi kwa kidole gumba. Inspekta akamwambia kwamba hana lazima ya kusema lolote, na kwamba atakachosema kitaandikwa. Alimwambia taratibu, neno kwa neno, kama inavyotakiwa.

"Andika," Mama Faili akasema. "Nimechoka kuwa na hili peke yangu."

"Ulianza lini kusikia?"

"Tangu mwaka jana. Mimi nakunja nguo, yeye yuko kwenye simu na huyo msichana, wanacheka. Bi Mdogo hivi, Bi Mdogo vile. Bi Mdogo ana kasi, Bi Mdogo hachoshi. Halafu Bi Mkubwa mzito. Ananisema nikiwa palepale! Hata mlango hafungi. Mtu akikuficha, bado ana haya kidogo. Huyu hakuwa nayo."

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize nini, niambiwe nina wivu? Lisemwalo lipo, Inspekta. Na wivu ninao, nimekuwa nao tangu usichana, ndiyo maana alikuwa ananiita... alikuwa ananiita jina fulani. Nikasema safari hii ninyamaze, nisimpe sababu. Nikawa najitazama kwenye kioo. Kweli nimenenepa. Nikaacha kula usiku. Nikamtazama yule msichana kwenye gazeti, yule wa kuokoa dakika, kiuno hiki. Nilimchukia mpaka mate yakawa machungu."

"Halafu ikaja karatasi."

"Waliniletea wenyewe niifaili!" Sauti ilipanda, akaishusha. "Kila Ijumaa wananiletea, huwa sisomi, nilidhani ni namba tupu. Ijumaa ile nikatupia jicho, nikaona majina. Bi Mkubwa, kusubiri mia tatu na kumi. Bi Mdogo, kusubiri tisini. Wamenipima, Inspekta. Wamekaa mtu na kimada wake wakanipima, wakaandika, wakapiga chapa, wakanipa nihifadhi."

"Ulijua ni jedwali la mashine."

"Nilijua. Miaka kumi na tisa niko hapa, mimi si mjinga. Lakini majina hayaanguki kutoka mbinguni. Nilijua pia Jumanne wanakuja wageni kuitazama programu yake. Nikasema ikwame kidogo mbele ya wageni, achekwe. Yeye anapewa kila kitu upesi. Na yeye asubiri, japo asubuhi moja."

"Ukapanda ghorofa ya tatu wakati wa chakula."

"Nikapanda."

"Ukaandika paswedi ya ishirini na sita, ikakataa."

Mama Faili akamtazama kwa mshangao, kisha akaelewa kwamba mashine inakumbuka kila kitu.

"Nikaandika ishirini na saba," akasema.

"Ikafungua. Kwa jina lako, mama. Na mwaka ameongeza, mwezi ule ule unaopaswa. Hukujiuliza?"

"Nilijiuliza." Alisema hivyo pole pole. "Nilikaa pale kitini kama dakika nzima. Nikajiambia ni mazoea hayo. Mtu hata akihama, miguu humrudisha nyumba ya zamani. Ukiwa na wivu, kila kitu kinakuwa ushahidi, hata kile kinachokukanusha."

Inspekta aliandika mpaka mwisho wa mstari. Alikuwa amehoji wezi, wauaji na waume wa watu kwa miaka ishirini, na si mara nyingi alitamani kumaliza haraka. Alichukua simu ya mezani, akampigia Meneja, akamwambia azichane zile barua mbili na amfungulie Chapuchapu mlango sasa hivi, si saa kumi. Meneja akataka kujua ni nani basi. Inspekta akakata simu.

"Wanamwachia?" Mama Faili akauliza.

"Wanamwachia. Hana kosa."

"La seremala hana. Lakini la kwangu analo."

Inspekta akaivuta ile faili, akaigeuza imwelekee mwenye nayo, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Mama, mashine ina kumbukumbu mbili. Moja ni ndogo. Kwa udogo wake wakaiita Bi Mdogo. Nyingine ni kubwa, inabeba vingi, iko mbali na prosesa ndiyo maana inachelewa kujibu. Kwa ukubwa wake wakaiita Bi Mkubwa. Ukubwa wa nafasi tu. Ni kadi za chuma, ukitaka nitakupeleka ukazione. Alichokuwa anakizungumza kwenye simu ni hicho, kila siku, mwaka mzima. Na yule binti anamwita mumeo Mzee."

Mama Faili alitazama karatasi. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akarudia wa kwanza, midomo ikitembea. Juu, kwenye ghorofa ya tatu, kiti kilisogezwa.

"Hakuna mtu," akasema.

"Hakuna."

"Hakuwahi kuwapo."

"Hakuwahi."

Mama Faili akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kazini, kama anayejaza fomu, "Huyo seremala, alikuwa na mke?"

"Anaye."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Mama Faili akaifunga faili, akaikaza kwa utepe wake, lakini hakuirudisha kabatini. Aliishika mapajani kwa mikono yote miwili.

"Afadhali huyo mwanamke angekuwapo, Inspekta," akasema. "Afadhali mara mia angekuwapo."